Povu katika mkojo: figo zako zinakuambia nini?

Kuna swali ambalo wagonjwa huliuliza mwisho kabisa, mkono ukiwa tayari kwenye kitasa cha mlango. Mzee ametibiwa mgongo, amepokea dawa zake na ameaga. Kisha anageuka na kusema kwa sauti ya chini: "Daktari, siku hizi mkojo wangu unatoa povu kama la sabuni. Nadhani si kitu, ama?"

Juma hili tutalijibu swali hilo. Jibu fupi ni kwamba mara nyingi huwa si kitu. Lakini mara nyingine povu hilo ndilo onyo la kwanza kwamba figo zimeanza kuvuja, na onyo hilo huja wakati mgonjwa hasikii maumivu yoyote. Kipimo cha kutofautisha mambo haya mawili huchukua dakika chache tu. Ili uelewe kwa nini povu linaweza kutoa habari za figo, ni lazima kwanza tujue povu lenyewe ni nini.

Kwa nini povu hukaa au huzimika

Povu ni hewa iliyofungiwa ndani ya kuta nyembamba za maji. Maji matupu hayawezi kuifunga hewa hiyo kwa muda mrefu. Tazama mto Chania maji yanapoangukia mawe: viputo huzaliwa kwa maelfu, na hatua chache mbele vyote vimeshapasuka.

Viputo hufa kwa njia tatu. Kwanza, maji yaliyo kati yao huteremka kwa uzito wake, na kuta zikazidi kuwa nyembamba. Pili, ukuta ukishakuwa mwembamba kupita kiasi hupasuka, na viputo viwili vikawa kimoja. Tatu, hewa hutoroka polepole kutoka katika kiputo kidogo na kuingia katika kikubwa kilicho jirani, hivyo kidogo hunywea na kikubwa kikanenepa. Povu lolote linalodumu ni povu lililopata kitu cha kuzuia mambo hayo matatu.

Kitu hicho mara nyingi ni chembe ndefu na laini. Mhudumu wa hoteli pale Karatina akimimina chai ya maziwa kutoka juu, povu hubaki likielea kikombeni kwa sababu maziwa yana protini. Mpishi wa keki akipiga ute wa yai, ute ule huumuka na kuwa kama theluji ya Kirinyaga, kwa sababu nao ni protini. Ukitembelea kiwanda cha kahawa huko Othaya au Tetu wakati wa mavuno, utaona povu juu ya matangi ambamo buni zimelazwa baada ya kumenywa. Lile linatokana na ute wa tunda la kahawa, ambao pia umejaa chembe ndefu zilizofungamana.

Chembe hizi hufanyaje kazi? Protini ni uzi mrefu uliojikunja kama kifundo cha sufu. Ndani ya maji hutulia katika umbo lake. Ikifika mahali maji yanapokutana na hewa, hujilaza na kutandaa, sehemu moja ikielekea majini na nyingine hewani. Jirani yake hufanya vivyo hivyo, kisha hushikana kama nyuzi za kiondo. Ukuta wa kiputo sasa una ngozi. Ngozi hiyo hupunguza kasi ya maji kuteremka, huvutika bila kupasuka upesi, na huipa hewa taabu ya kutoroka.

Ulaini ndio siri yenyewe. Changarawe haiwezi kuziba ufa wa chungu, lakini unga uliokandwa huweza, kwa sababu hubonyea na kujaza nafasi. Chembe laini hubonyea vivyo hivyo juu ya kiputo na kuacha nyufa chache. Wanasayansi wameiga jambo hili na kutengeneza chembe ndogo sana mfano wa jeli, ambazo hutumiwa kuunda mapovu yanayodumu.

Sabuni nayo hutoa povu, lakini kwa njia nyingine. Chembe zake ni ndogo na nyepesi. Huja kwenye ukuta wa kiputo na kuondoka haraka, kama abiria wa matatu. Protini ikishajilaza pale haitoki kwa urahisi. Ndiyo sababu kiasi kidogo tu cha protini katika mkojo chaweza kuacha povu ambalo halitaki kuzimika.

Chujio la figo

Kila figo ina vichujio vidogo vidogo vinavyokaribia milioni moja. Kwa siku moja figo mbili huchuja takriban lita 180 za maji ya damu, lakini karibu yote hurudishwa mwilini, na mkojo unaotoka ni kama lita moja na nusu.

Katika damu yetu kuna protini iitwayo albumini. Kazi yake mojawapo ni kuyashika maji yasitoke nje ya mishipa. Chujio zima huizuia albumini kama kichungi cha chai kinavyozuia majani. Kwa mtu mwenye afya, protini yote inayopita kwenye mkojo kwa siku haizidi miligramu 150, na hiyo haitoshi kuleta povu la kudumu.

Chujio likiharibiwa na sukari nyingi, shinikizo la damu, maambukizi au sumu, matundu yake hulegea na albumini ikaanza kupita. Mkojo sasa umepata zile chembe laini tulizozizungumzia. Unapoanguka chooni huchanganyika na hewa, albumini huvika viputo ngozi, na povu hubaki limetulia juu.

Uvujaji ukizidi, damu hukosa albumini ya kutosha kuyashika maji. Maji hutoka nje ya mishipa na mtu akaanza kuvimba: kope za macho asubuhi, miguu jioni, na baadaye tumbo.

Waganga wa kale waliliona jambo hili. Maandishi ya Wagiriki wanaofuata jina la Hippocrates, yaliyoandikwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, yanasema kuwa viputo juu ya mkojo ni dalili ya maradhi ya figo ya muda mrefu. Mwaka 1827 daktari Richard Bright wa Hospitali ya Guy's, London, alieleza jinsi mkojo wa wagonjwa wake waliovimba ulivyoganda ulipopashwa moto ndani ya kijiko juu ya mshumaa. Uliganda kwa sababu ileile inayoufanya ute wa yai ugande kwenye kikaango: ulikuwa na albumini.

Si kila povu ni ugonjwa

Usikimbilie kuogopa. Mkojo ukitoka kwa nguvu na kuanguka kutoka juu, kama ilivyo kwa mwanamume aliyesimama, lazima utoe viputo. Viputo hivyo ni vikubwa, vichache, na hupotea upesi kama vya mto Chania. Dawa ya kuoshea choo iliyobaki kwenye bakuli la choo nayo hutoa povu zito hata kama mkojo hauna tatizo.

Mkojo wa asubuhi, au wa mtu ambaye hajanywa maji mchana kutwa, huwa mzito na unaweza kutoa povu. Homa kali na mazoezi mazito huweza kuleta protini kidogo kwa siku moja au mbili, kisha ikaisha. Kwa wanaume, shahawa zilizobaki njiani huweza kufanya hivyo pia.

Kuna povu lingine la kuangaliwa. Ikiwa mkojo ni mweusi kama chai ya rangi na povu lake ni la manjano, tazama macho yako. Yakiwa ya manjano pia, shida huenda iko kwenye ini au njia ya nyongo. Mwone daktari bila kuchelewa.

Watafiti wa Korea Kusini walichapisha mwaka 2012 uchunguzi kuhusu watu waliolalamika kuwa mkojo wao una povu. Walipopimwa, karibu mmoja kati ya watano alikuwa na protini nyingi kwenye mkojo. Tazama hesabu hiyo kwa pande zote mbili: wengi hawakuwa na protini nyingi, lakini mmoja kati ya watano si idadi ya kupuuza. Jicho peke yake halitoshi kutoa hukumu.

Jinsi ya kutazama nyumbani

Usitegemee choo. Chukua chombo cha kioo au plastiki angavu, kioshwe na kusuuzwa vizuri hadi kusibaki sabuni hata kidogo. Weka mkojo ndani yake, kisha kiache kimetulia kwa dakika kumi hivi. Viputo vikubwa vikiisha vyote, hiyo ni dalili nzuri. Likibaki tabaka la viputo vidogo vidogo vilivyobanana kama povu la bia, na ukaliona siku tatu mfululizo, nenda ukapimwe.

Hapa niwakumbushe wasomaji wanaoishi Nyeri mjini, Nanyuki au Nairobi na wana wazazi mashambani. Mzee anayetumia choo cha shimo hawezi kuliona povu, hata awe amevuja protini mwaka mzima. Ukimtembelea mama au baba mwenye kisukari au presha, usimwulize tu kama anajisikia vizuri. Mwulize lini mkojo wake ulipimwa mara ya mwisho.

Nani awe mwangalifu zaidi?

Wenye kisukari na wenye presha. Haya mawili ndiyo chanzo kikubwa cha figo kufa kwa watu wazima. Sukari huharibu chujio kwa miaka mingi kimya kimya. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi hulipiga chujio kwa kila pigo la moyo. Mwenye kisukari cha ukubwani apimwe mkojo siku anapogunduliwa, kisha kila mwaka.

Mama mjamzito. Baada ya juma la 20 la mimba, presha ikipanda na protini ikaonekana kwenye mkojo, huo ni mwanzo wa hali inayoweza kuleta kifafa cha mimba, ambacho huua mama na mtoto. Ndiyo maana muuguzi wa kliniki hukuomba mkojo na kukupima presha. Usimwone anakusumbua. Ukipata kichwa kikali kisichoisha, macho kuona ukungu, maumivu juu ya tumbo au uso kuvimba ghafla, nenda hospitali usiku huohuo, usingoje siku ya kliniki.

Watoto. Mtoto akiamka macho yamevimba, wazazi wengi hudhani ni mzio au ameumwa na mdudu. Uvimbe ukishuka mchana na kurudi kesho yake, peleka mkojo wake ukapimwe. Ugonjwa wa figo kuvuja huwapata sana watoto wadogo, na wengi wao hupona vizuri wakitibiwa mapema.

Wanaotumia mafuta ya kujichubua. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza habari za watu wazima 60 waliokuwa wakivuja protini na kuvimba. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia mafuta ya kung'arisha ngozi yenye zebaki. Zebaki hupenya kwenye ngozi, huingia damuni na kuharibu chujio. Baadhi yao walipoyaacha mafuta hayo, uvujaji ulikoma. Mafuta ya namna hiyo ni marufuku Kenya, lakini bado huuzwa kwa kificho. Mkopo usio na jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyomo usiuguse.

Utapimwaje?

Kituo cha afya kilicho karibu nawe kina vijiti vya kupimia mkojo. Kijiti huchovywa na rangi yake ikabadilika kulingana na kiasi cha protini. Ikionekana protini, kipimo hurudiwa siku nyingine, kwani homa au maambukizi ya njia ya mkojo huweza kudanganya.

Jambo moja ambalo wenye kisukari wanapaswa kulijua: kijiti cha kawaida hakioni uvujaji mdogo wa mwanzo. Kipo kipimo cha maabara kinacholinganisha albumini na kreatinini katika mkojo. Kiwango kikifika miligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini au kuzidi, na kikabaki hivyo kwa miezi mitatu, figo zina tatizo hata kama povu halijaonekana. Kwa hiyo povu likikosekana, hilo si cheti cha afya. Pamoja na hicho, daktari atapima presha, sukari, na kreatinini ya damu ili ajue figo zinachuja kwa kiasi gani.

Ukivuja, ufanye nini?

Chembe muhimu za chujio zikifa, hazioti tena kama kucha. Matibabu basi ni kuokoa zilizobaki, na mtu akianza mapema huokoa nyingi.

Shusha presha na sukari hadi kiwango alichokupangia daktari, na usiache dawa kwa sababu unajisikia mzima. Dawa za presha kama enalapril na losartan zina faida ya ziada: hupunguza msukumo ndani ya chujio na hivyo kupunguza uvujaji. Hata hivyo dawa hizi hazifai kwa mama mjamzito, na mwanamke anayetarajia kupata mimba amwambie daktari. Majaribio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2019 na 2020 yalionyesha kuwa baadhi ya dawa mpya za kisukari huchelewesha kuharibika kwa figo. Mwulize daktari wako kama zinakufaa.

Punguza chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ukihesabu na ile iliyo kwenye mchuzi, mkate na vibanzi. Acha sigara. Jihadhari na tembe za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni. Wachuma chai na wabeba mizigo wengi huzinunua dukani kila siku kwa ajili ya mgongo, bila kujua kwamba zikitumiwa kwa muda mrefu huumiza figo, hasa zilizokwisha kudhoofika. Dawa za mitishamba ambazo hujui zina nini ziache pia.

Figo zikifa kabisa, mtu hulazimika kusafishwa damu kwa mashine mara mbili au tatu kwa juma, kila mara takriban saa nne, ama apandikizwe figo. Mpango wa serikali ulioanza mwaka 2015 ulisogeza mashine hizo karibu na wananchi kwa kuziweka katika hospitali za kaunti. Ni nafuu kubwa kwa wanaozihitaji. Lakini hata mashine iwe mlango wa pili, siku tatu za juma zilizokwenda kitandani ni siku zilizotoka shambani, dukani na kwa watoto.

Maswali ya wasomaji

Je, ni nyama choma niliyokula ndiyo inayotoka? La. Protini ya nyama husagwa tumboni na kuvunjwavunjwa kabla ya kuingia damuni. Figo nzima haimwagi albumini kwa sababu ya sikukuu moja. Ila mtu ambaye figo zake tayari ni dhaifu aulize daktari kiasi cha nyama kinachomfaa. Asijinyime chakula kwa kubahatisha.

Je, povu ni uchafu unaotoka, kwa hiyo ni jambo jema? La. Kinachotoka ni mali ya mwili iliyopaswa kubaki.

Je, ninywe maji mengi mpaka povu liishe? Maji yatauchuja mkojo rangi na kupunguza povu, lakini hayatalirekebisha chujio. Utakuwa umeficha dalili tu. Na mtu aliyekwisha kuvimba anaweza kudhurika kwa kujijaza maji.

Je, ni ugonjwa wa zinaa? Kwa kawaida magonjwa hayo huleta usaha au maumivu wakati wa kukojoa. Usione haya ukashindwa kuuliza. Kipimo ni kilekile cha mkojo, na daktari hatangazi habari za mgonjwa.

Kwa ufupi, msomaji, povu linalozimika upesi lisikunyime usingizi. Povu linalokaa siku tatu mfululizo lipeleke likapimwe. Na kama una kisukari, presha au mimba, usingoje povu. Uliza kipimo cha mkojo katika ziara yako ijayo ya kliniki, tena uliulize ukiwa umeketi mbele ya daktari, si ukiwa umeshafika mlangoni.